Nani Alikwenda, Nani Alimwaga Maji

Nyumba tunayopanga hapa Valencia iko ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Tunaishi watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa darasa la nne, mdogo wake wa chekechea, na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliyetoka Ngamiani, Tanga, kuja kutusaidia kulea. Baba watoto alikuwa baharia kabla ya kutua hapa. Sasa anapanga mizigo katika ghala karibu na bandari. Mimi napika katika nyumba ya kutunzia wazee. Ndani tunaongea Kiswahili, nje Kihispania, na watoto wanarudi na Kivalensia cha shuleni pia. Kisa ninachokieleza kilianzia kwenye kitenzi cha Kihispania chenye herufi mbili tu, *ir*, yaani kwenda, na kikafika mpaka kwenye ukuta uliobomolewa.

Mwaka kisa hiki kilipotokea, baba watoto alikuwa amejiandaa kuomba uraia. Kwa wageni wengi Hispania inataka mtu awe ameishi nchini kihalali miaka 10, kisha afaulu mitihani miwili ya Instituto Cervantes. Mmoja ni wa katiba na maisha ya nchi, maswali 25, na anayepata 15 amepita. Huo hakuuogopa, kwa sababu kichwa chake kinashika mambo ya kukariri. Wa pili ni wa lugha, DELE ngazi ya A2, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kihispania chake kilikuwa cha ghalani, chote cha wakati uliopo. Leo *voy*, kesho *voy*, jana *voy*. Wenzake walimwelewa, wakaitikia kwa kichwa, mzigo ukapanda. Lakini mtihani wa A2 unamtaka mtu aeleze jana yake: alikwenda wapi, na nani, hali ilikuwaje. Kwa *voy* peke yake jana haielezeki.

Basi akaandika jedwali la *ir* kwenye karatasi ya manila na kulibandika kwenye mlango wa friji. Safu ya kwanza ya sasa: *voy, vas, va, vamos, vais, van*. Ya pili ya jana iliyokwisha: *fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron*. Ya tatu ya jana iliyokuwa ikiendelea au ya mazoea: *iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban*. Akaniita niangalie. "Mama watoto, hebu niambie, hawa ni ndugu kweli? Mmoja anaanza na v, mwingine f, mwingine i."

Ni ndugu wa kulelewa pamoja. *Ir* ni kama nyumba iliyokusanya watoto wa mama watatu chini ya paa moja. Katika Kilatini, ambacho ndicho mzazi wa Kihispania, *ire* kilikuwa kwenda, na kutoka kwake zimebaki *ir* na *iba*. *Vadere* nacho kilikuwa kwenda, hicho kimeleta *voy* na *vas*. Na *fui* imetoka kwa *esse*, ambacho hakikuwa kwenda hata kidogo. Kilikuwa kitenzi cha kuwa. Ndiyo maana mpaka leo Kihispania kinatumia maumbo yale yale ya jana iliyokwisha kwa *ir* na kwa *ser*. *Fui* ni nilikwenda, na *fui* ni nilikuwa. *Fue* ni alikwenda, na *fue* ni alikuwa, au ndiye aliyekuwa. Msikilizaji anatambua maana kwa maneno yanayozunguka, na mzaliwa wa lugha hiyo hahangaiki hata kidogo.

Hata Wahispania wenyewe wana kesi zao na kitenzi hiki. Amri ya kuwaambia wenzako waondoke iliandikwa vitabuni *idos*, lakini watu wengi midomoni walisema *iros*, na mwaka 2017 Real Academia Española, chuo chao cha lugha, ikakubali *iros* nayo iandikwe. Baba watoto alipolijua hilo alifarijika, akaongeza juhudi.

Ugumu wake mkubwa haukuwa kukariri. Sisi Waswahili tunamweka mtu mwanzoni mwa kitenzi: ni-likwenda, u-likwenda, a-likwenda. Sikio letu limezoea kusikiliza pale mbele. Likishamjua mtu, mwisho wa neno tunaupokea bila kuukagua. Kihispania nacho hakihitaji kusema mimi au yeye kila mara, kwa kuwa kitenzi chenyewe kinamtaja mtu, lakini kinamtaja mkiani. *Fui* na *fue* zimetofautiana kwa irabu moja tu ya mwisho, na hiyo irabu ndiyo inayobeba mtu. Anayetamka nusunusu kama watu wa ghalani wanavyofanya anapoteza habari ya nani alitenda. Binti yetu, ambaye hakuwahi kulitazama jedwali, alikuwa akipita jikoni na kusema, "Baba, ni *fue*, si *fui*," kisha anachukua tunda na kuondoka.

Bi Mkubwa kwa upande wake hakujishughulisha na karatasi ya friji. Yeye alikuwa na jirani. Ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, anaishi bibi mmoja mjane, na wazee hawa wawili walikuwa wamezoeana kwa njia ya sahani. Bi Mkubwa anashusha pilau, sahani inapanda na machungwa. Anashusha maandazi, sahani inapanda na kipande cha keki. Sahani ya mtu hairudi tupu, na bahati njema desturi hiyo yule bibi alikuwa nayo tangu kwao. Katika kushuka na kupanda huko Bi Mkubwa aliokota maneno yake, na kila neno alilioanisha na jambo alilolishuhudia. Akibonyeza kengele, sauti inatoka ndani: *¡Voy!* Kisha mlango unafunguka. Wakimaliza kahawa, yule bibi anapiga magoti yake kwa viganja na kusema *vamos*, na wote wawili wanasimama.

Sasa kuna usiku mmoja. Kwenye ubao wa chini, karibu na masanduku ya barua, kulikuwa na tangazo la kuwaomba wakazi wafunge mlango wa barabarani usiku, kwa sababu mtu fulani alikuwa akiuacha wazi. Usiku huo, kama saa tano, baba watoto alishuka kutupa taka kwenye mapipa ya mtaani, akarudi, akalala.

Asubuhi kengele ililia. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kazini kwangu zamu ya alfajiri, watoto wako shule, Bi Mkubwa yuko bafuni. Baba watoto akafungua. Alikuwa ni yule bibi wa chini, amevaa gauni la nyumbani, uso umemwiva, na anaongea mbiombio. Katika mvua ile ya maneno baba watoto alishika mawili matatu: *anoche*, jana usiku. *Cocina*, jiko. Na mwishoni, kwa sauti ya juu, *¿quién fue?*

Yule bibi alikuwa akisema kwamba jana usiku maji yamemdondokea jikoni, na anauliza ni nani aliyefanya. Baba watoto, ambaye wiki nzima alikuwa akila na kulala na safu ya pili ya jedwali, alisikia: jana usiku, nani alikwenda? Akalikumbuka tangazo la mlango. Yeye ni mtu mkweli, na hii ilikuwa mara ya kwanza jana ya Kihispania kumgongea mlango. Akasimama wima akajibu kwa ufasaha: *Fui yo.*

Ni mimi.

*¿Y a qué hora fue?* Yaani, na ilikuwa saa ngapi? Hapo mtego ukakaza zaidi. Adabu ya Kihispania ya kumwambia mtu kwa heshima, *usted*, inatumia umbo la nafsi ya tatu, kwa hiyo swali lile lile kwa sikio lake lilikuwa: nawe bwana, ulikwenda saa ngapi? *A las once*, akajibu, saa tano. Bibi akauliza kwa nini hakumwarifu. Hilo hakulielewa, lakini aliona amekasirika, na kwetu mzee akikasirika kijana anaomba radhi. *Perdón, señora*, akasema, mkono kifuani.

Niliporudi mchana, kundi la WhatsApp la jengo lilikuwa limeshapata habari. Binti alinisomea: *Fue el del tercero. Lo ha reconocido él mismo.* Ni yule wa ghorofa ya tatu, amekiri mwenyewe. Chini yake ilikuwepo picha ya dari ya jikoni kwa bibi: doa la rangi ya chai lililotanda kutoka kona, plasta imefura na kupasuka katikati, na beseni la kufulia limewekwa chini kukinga matone.

Jioni mwenye nyumba wetu akapiga simu. Alizungumza kwa upole lakini kwa uwazi: kama mpangaji ndiye aliyesababisha, gharama itaangaliwa kwake, na kuna ile amana ya kodi ya mwezi mmoja ambayo sheria ya upangaji inamtaka kila mpangaji aiweke. Nikazunguka nyumba nzima. Nikainamia mashine ya kufulia, nikapapasa mpira wake wa maji, mkavu. Nikafungua kabati la chini ya sinki, nikaingiza mkono mpaka nyuma, mkavu. Sakafu kavu, bafu kavu. Nikamuuliza baba watoto, "Kwani ulimwaga nini?" Akashangaa kama nilivyoshangaa mimi. "Mimi nilikwenda kutupa taka tu, na nimemwambia hivyo."

Binti ndiye aliyefungua fundo. Aliketi mbele ya baba yake na kumtaka arudie maneno yote, ya bibi na yake, neno kwa neno. Alipofika kwenye *¿quién fue?*, mtoto akaweka kiganja kichwani. "Baba, hakukuuliza nani alikwenda. Alikuuliza ni nani aliyefanya. Nawe umemwambia ni wewe."

Baba watoto alinyamaza kwa muda mrefu. Uchungu wake ulikuwa kwamba amesema kweli tupu na kweli hiyo imemtia hatiani. Bi Mkubwa akasema, "Mwanangu, usilale nalo. Shuka ukaseme." Lakini maneno ya kwenda kusema yalikuwa yale yale yaliyomponza, na mlango wa chini siku hizo ulifunguliwa nusu tu. Sahani yetu ya pilau ilirudi imeoshwa, safi, na tupu. Bi Mkubwa aliiweka kabatini bila kusema neno.

Sikumlaumu yule bibi, wala sasa simlaumu. Valencia ni mji unaoyajua maji. Oktoba 14, 1957 mto Turia ulifurika ukaingia mjini, na yeye alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Baada ya mafuriko hayo serikali iliuchepusha mto mzima ukapita kusini mwa mji, na mahali ulipokuwa ukipita pakawa bustani ndefu ambayo leo tunawapeleka watoto kucheza. Na Oktoba 2024 maji yakarudi katika miji iliyo kusini mwetu na kuua watu wengi. Mtu aliyeishi kati ya tarehe hizo mbili akiona tone darini, hangoji.

Bima ya nyumba ya yule bibi ikaahidi kumleta fundi bomba na mkaguzi. Siku ya miadi, saa ikapita. Baba watoto akampigia fundi, akiwa amewasha spika ili binti asikie. Fundi akajibu kwa haraka, *¡Voy, voy!* Baba watoto akaruka. Kwenye jedwali la friji *voy* ni ninakwenda, basi fundi anakwenda zake! *¡No, no! ¡Venga!* akapaza sauti, akimsihi aje. Bi Mkubwa, ameketi na tasbihi yake, akasema bila kuinua macho: "Huyo anakuja. Wao wakija kwako husema hivyo. Weka chai." Kabla maji hayajachemka, kengele ililia.

Fundi alifanya kazi yake kwa utaratibu ulionifurahisha. Alifunga koki yetu kuu, akahakikisha hakuna tone linalotoka kwetu. Akabomoa vigae vitatu nyuma ya sinki, akachimba mpaka bomba kuu la maji machafu likaonekana, lile linaloshuka ukutani kutoka ghorofa ya juu kabisa na kukusanya maji ya majiko yote. Kisha akapanda ghorofa ya nne akamimina kwenye sinki ndoo ya maji aliyoyatia rangi ya kijani. Tukasimama jikoni kwetu, mimi, mkaguzi, mwenyekiti wa wakazi na yule bibi wa chini, tukiangalia tundu kwa tochi. Kwanza kimya. Halafu sauti ya maji yakipita. Halafu pale bomba linapounganika, chini kidogo ya usawa wa sakafu yetu, mstari mwembamba wa kijani ukachungulia, ukanenepa, ukaanza kuteleza ukutani kuelekea chini. Koki yetu imefungwa, na maji yanavuja.

Mkaguzi akaandika. Bomba la aina hiyo, la *bajante*, si mali ya mpangaji wala ya nyumba moja. Sheria ya Hispania ya majengo ya wamiliki wengi, ya mwaka 1960, pamoja na kifungu cha 396 cha Código Civil, zinaliweka pamoja na ngazi, paa na msingi katika vitu vya wote, na vya wote hutengenezwa kwa mfuko wa wote. Mwenyekiti akaitikia. Kilichobaki ni yale maneno ya kukiri yaliyokuwa bado yanaelea kwenye simu za jengo zima.

Hapo baba watoto akapiga hatua mbele. Alikuwa ameitayarisha sentensi yake kwa siku kadhaa, akiisema mbele ya friji, akikaza irabu za mwisho moja moja. Akamtazama yule bibi akasema pole pole: *Aquella noche yo fui a tirar la basura, pero lo del agua no fui yo. Fue la bajante.*

Usiku ule mimi nilikwenda kutupa taka, lakini habari ya maji si mimi. Ni bomba.

*Fui* mbili, moja ya kwenda, moja ya kuwa, zimekaa katika pumzi moja, kila moja mahali pake. Na *fue* ikafuata ikimhamishia mzigo anayestahili. Yule bibi aliirudia sentensi kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaelewa mlango, jana usiku, saa tano, na radhi ile yote. Akamshika baba watoto shavu kama mwanawe, akamwita *hijo mío*, na jioni hiyo aliandika mwenyewe kwenye kundi la jengo kwamba yule wa tatu hakuwa na kosa lolote. Kesho yake machungwa yalipanda.

Baba watoto alifaulu DELE, na jedwali la *ir* likampisha *decir*. Lakini mimi nilibaki na jambo moja ambalo nataka kila Mswahili anayejifunza lugha ya watu alisikie. Vitabu vingi huanza na vitenzi vilivyonyooka, *hablar*, *comer*, *vivir*, na vile vilivyopinda huvisogeza nyuma kama adhabu ya kuja baadaye. Maisha yanavitaka kwa mpangilio mwingine. Vilivyopinda ndivyo watu wanavyovitumia tangu wanapoamka: kwenda, kuwa, kuja, kusema, kuona, kuweka, kufanya. Vimepinda na vikabaki hivyo kwa sababu viko midomoni kila saa. Mtoto huvisikia mara nyingi mno hata hapati nafasi ya kuvinyoosha. Kitenzi kinachosemwa mara chache ndicho kinachorudi haraka kwenye kanuni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka umbo lake la zamani.

Nasi tuna vyetu. Kanuni ya amri kwa Kiswahili ni nyepesi: kusoma, soma, kupika, pika. Lakini hakuna mzazi anayemwambia mwanawe *ja* akimtaka afike. Ni njoo. Si *enda*, ni nenda. Si *leta*, ni lete. Vitatu hivyo ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo kila mtoto wa nyumba zetu anaamrishwa, na hakuna aliyewahi kuvilalamikia. Anakula, lakini hali. Anakuja, lakini haji. Mgeni anayejifunza Kiswahili anatoka jasho hapo, na Bi Mkubwa hajui hata kama pana ugumu.

Bi Mkubwa alijua *voy* kabla ya mwanawe kwa kuwa alikisikia mahali kinapofanyiwa kazi. Baba watoto naye hangeweza kusema sentensi yake bila ile karatasi ya manila, kwa sababu sikio peke yake halikumtenganishia *fui* na *fue*. Vyote viwili vinahitajika, jirani na jedwali. Aliyehamia Hispania na familia yake nampa ushauri huu: wiki ya kwanza kabisa, kabla ya rangi na majina ya wanyama, jifunze kusema jana, na katika jana jifunze mimi na yeye, ukitamka mwisho wa neno mpaka usikike. Hapo ndipo mtu anapojisemea mwenyewe, na haki ya kujisemea haifai kungoja sura ya kumi.